Dawa mbili za bwawa hazikai stoo moja

Klorini ikikutana na tindikali hutoa gesi ya sumu. Muuza dawa za mabwawa ya kuogelea analijua hilo, mapipa yanayotoka kiwandani yana onyo lake, na mwanafunzi wa kemia wa sekondari ameshalisikia darasani. Hata hivyo nenda leo nyuma ya mabwawa yetu mengi, kwenye hoteli za ufukweni, shule za kulipia na nyumba za kupangisha wageni, ufungue kile kibanda cha pampu. Utakuta pipa la klorini limeegemeana na dumu la tindikali, na juu ya pipa kuna kikopo kimoja kinachochotea vyote viwili.

Mhudumu akizidiwa na mvuke siku moja, akatolewa humo anakohoa na macho yamemwiva, mwenye bwawa anasema ni bahati mbaya. Bahati haimo. Kuna mtu aliyeweka vitu visivyopatana chumba kimoja, na kuna wengine waliokuwa wakiviona kila siku wakapita zao.

Suluhisho ni fupi: tenganisheni. Klorini iwe na stoo yake na tindikali iwe na yake. Kila moja ipewe ndoo yake na kikopo chake, vya rangi tofauti, visivyobadilishana kazi hata siku moja. Milango ifungwe kwa kufuli na funguo akae nazo mtu aliyefundishwa. Hapa hakuna mtambo wa kuagiza ng'ambo wala mtaalamu wa kulipwa kwa dola. Mwenye bwawa aliyeweza kuchimba shimo, kulitia vigae na kulijaza maji hawezi kutuambia kwamba ndoo ya pili imemshinda.

Tungeishia hapa kama watu wangesikia. Kwa kuwa hawasikii, tuvipitie visingizio kimoja kimoja. Lakini kwanza tuelewane kwa nini dawa hizi hukutana.

Bwawa linazihitaji zote mbili. Klorini huua vijidudu, ila inafanya kazi vizuri pale kipimo cha pH cha maji kinapokuwa kati ya 7.2 na 7.8. Klorini ya unga na ile ya maji, ambazo ndizo zinazotumika sana, hupandisha kipimo hicho. Kikipanda mno klorini hupoteza makali na maji huanza kuwa na ukungu. Hapo mhudumu hutia tindikali, mara nyingi ya haidrokloriki, ili kukishusha. Kwa hiyo mtu yule yule hushika dawa zote mbili wiki baada ya wiki, mara nyingi asubuhi hiyo hiyo moja.

Ndani ya bwawa, zikitiwa kwa zamu na kwa kipimo, maji mengi huzizimua na hakuna linalotokea. Ndani ya ndoo ni habari nyingine. Tindikali ikimwagwa kwenye ndoo iliyobakiwa na unga wa klorini, mchanganyiko unachemka na kutoa mvuke wa manjano yenye ukijani, na aliyeinama juu ya ndoo ndiye wa kwanza kuuvuta. Hahitaji kuwa mzembe. Inatosha kutumia kikopo ambacho hakikusuuzwa.

Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili na nusu. Haipandi ikatokea dirishani. Inatambaa sakafuni na kutuama palipo chini, na vyumba vingi vya pampu vimejengwa chini ya usawa wa ardhi, mtu anashuka kwa ngazi. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia mitungi ya klorini upepo ukielekea kwa adui, na gesi ikawafuata askari hadi chini mahandakini. Sisi gesi hiyo hiyo tunaitengeneza wenyewe, kibandani, kwa kukosa kikopo cha pili.

Ikiingia mwilini inatafuta unyevu. Kwenye macho, pua, koo na mapafu inageuka kuwa tindikali papo hapo. Aliyevuta kidogo atakohoa, atatokwa machozi na kifua kitambana. Mwenye pumu atateseka zaidi. Aliyevuta nyingi anaweza kuonekana amepata nafuu, akaenda nyumbani, na saa kadhaa baadaye mapafu yakaanza kujaa maji. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii ikishaingia. Hospitali itampa oksijeni na dawa za kufungua njia ya hewa, na itamwangalia kwa karibu. Mengine ni juu ya mapafu yake.

Sasa visingizio.

Cha kwanza: haya hutokea kwenye mabwawa ya mitaani, si kwenye mabwawa makubwa yenye wataalamu. Si kweli. Tarehe 23 Machi 2022, kwenye kituo cha kuogelea cha London kilichojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2012, gesi nyingi ya klorini ilitoka wakati dawa za bwawa zikipokelewa. Watu kama 200 waliondolewa jengoni, 29 wakapelekwa hospitali na wengine 48 wakahudumiwa pale pale. Hicho ni kituo cha kimataifa, kwenye mji wenye wakaguzi na vikosi vya uokoaji vya kila aina. Kilichowafika ni mchanganyiko wa kemikali, jambo lile lile linaloweza kutokea kwenye kibanda cha mabati cha Kigamboni au Diani.

Funzo la London ni kwamba hatari huanzia mlangoni, dawa zinapoletwa. Dereva anayeshusha madumu hajui bwawa lako. Akiambiwa "weka humo tu", ataweka humo tu. Akimimina kwenye tangi lisilo lake, mkosi umeshafika. Mzigo wa dawa upokewe na mtu anayezijua, asimame pale hadi dumu la mwisho liwe mahali pake, na kila tangi liandikwe kwa herufi kubwa kilichomo.

Cha pili: sisi hatuchanganyi kwa mkono, tuna mashine inayotia dawa yenyewe. Vizuri. Juni 2015, kwenye bustani ya michezo ya maji katika kaunti ya Contra Costa, jimbo la California, nao walikuwa na mashine. Pampu kubwa inayozungusha maji ilikuwa imezimwa, lakini mtambo wa kutia dawa ukaharibika na kuendelea kusukuma klorini na tindikali ndani ya bomba. Maji hayakuwa yakitembea, kwa hiyo dawa mbili zikakutana humo humo na kutengeneza gesi. Pampu ilipowashwa tena, gesi yote ikasukumwa bwawani, kwenye waogeleaji wapatao 50. Watu 34 walitibiwa kwa kutapika, kukohoa na kuwashwa macho, na nusu yao walikimbizwa hospitali.

Huku kwetu umeme hukatika na kurudi unavyotaka. Ukirudi, pampu kubwa inaweza kubaki imezima ikingoja mtu wa kuiwasha, huku vipampu vidogo vya dawa vimeshaamka na kuendelea na kazi. Fundi umeme anaweza kulimaliza tatizo hilo: aviunganishe vipampu vya dawa na pampu kubwa, ikizima navyo vizime. Na pampu iliyosimama isiwashwe watu wakiwa majini. Piga filimbi, watoe wote, washa, subiri, kisha warudi. Mgeni atakayekasirika kwa kutolewa majini dakika chache atapoa. Mapafu yaliyoungua hayapoi upesi hivyo.

Cha tatu: tumefanya hivi miaka yote na hakuna aliyekufa. Mfugaji anayelaza kuku na kicheche banda moja, akawakuta wazima asubuhi ya kwanza, hana cha kujisifia. Isitoshe, nani alihesabu? Mhudumu anayekohoa wiki nzima hununua dawa ya kikohozi duka la jirani na kesho yake yuko kazini. Jina lake haliingii kwenye daftari lolote. Waliojaribu kuhesabu walipata namba nzito. Nchini Marekani, kwa miaka mitatu kuanzia 2015 hadi 2017, ilikadiriwa kwamba watu 13,508 walifika kwenye vyumba vya dharura vya hospitali kwa majeraha yatokanayo na dawa za mabwawa. Hao ni kama 4,500 kila mwaka. Zaidi ya theluthi moja walikuwa chini ya umri wa miaka 18, na zaidi ya nusu ya matukio yalitokea majumbani. Kutohesabu kwetu hakumaanishi kwamba hatuumii.

Cha nne: vijana wetu wanavaa barakoa. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi kidogo na mate ya mtu. Gesi inapita humo kama maji kwenye chandarua. Anayeshika dawa hizi anahitaji miwani ya kinga inayofunga pembeni, glovu ndefu za mpira, buti na aproni, na penye hatari ya gesi anahitaji kinyago chenye vichujio vya klorini. Hata hivyo vifaa visiwe kichaka cha mwajiri kujificha. Kinyago cha bei ghali hakihalalishi kuweka pipa na dumu pamoja. Tenganisha kwanza, mvishe baadaye.

Cha tano, na hiki ndicho kinachotukera zaidi: kijana alikosea, hakusoma maelekezo. Maelekezo gani? Yale ya Kiingereza, au ya Kichina, yaliyofutika jua la mwaka jana? Kwenye nyumba nyingi mhudumu wa bwawa ndiye mtunza bustani, ndiye mlinzi wa mchana na ndiye mfungua geti. Aliachiwa kazi na aliyemtangulia, ambaye naye aliachiwa na mwenzake. Alionyeshwa kwa mkono: kopo mbili za hii, kopo moja ya ile. Hakuna aliyemweleza nini kitatokea akizikutanisha. Mwajiri asiyetaka kutumia nusu siku kumfundisha mtu wake hana haki ya kumlaumu.

Bandikeni karatasi moja ukutani, kwa Kiswahili, iliyotiwa plastiki isilowe. Iseme: usichanganye dawa yoyote na nyingine. Dawa itiwe kwenye maji, maji yasitiwe kwenye dawa. Usitie dawa watu wakiwa majini. Ukisikia harufu kali, toka nje kwanza, uliza baadaye. Mistari minne inatosha. Asiyejua kusoma asomewe, na arudie mwenyewe hadi aikariri.

Huo mstari wa pili watu huudharau. Unga wa klorini ukimwagiwa maji kidogo unapata joto kali, unaruka na kutoa mvuke. Kinachotakiwa ni kujaza ndoo maji kwanza, kisha kuutia unga kidogo kidogo. Tindikali nayo ina kanuni hiyo hiyo. Ni jambo la sekunde chache kubadilisha mpangilio, ila ndizo sekunde zinazoamua kama mtu atakwenda nyumbani na macho yake.

Na msidhani klorini zote ni ndugu. Kuna unga na kuna vidonge, na mara nyingi kilichomo si kitu kimoja. Unga huwa ni kalsiamu haipokloraiti. Vidonge vingi ni aina nyingine, inayoitwa traikloro. Ukizichanganya kwenye ndoo au kwenye chombo cha kutilia dawa, zikapata unyevu, zinaweza kuwaka moto au kulipuka. Unga huo hauelewani pia na mafuta, rangi, petroli wala takataka za bustani; ukichafuliwa navyo unaweza kuwaka bila kiberiti. Stoo ya klorini isiwe pia stoo ya mashine ya kukatia majani na galoni lake la mafuta. Tunajua ndivyo ilivyo kwenye nyumba nyingi. Ihamisheni hiyo mashine.

Anayeona tunakuza mambo atazame mji wa Conyers, jimbo la Georgia, Marekani. Tarehe 29 Septemba 2024, kwenye kiwanda cha dawa za mabwawa, kifaa cha kuzimia moto kilichokuwa darini kiliharibika na kumwaga maji juu ya dawa zisizotakiwa kuguswa na maji. Moto ukazuka, wingu la moshi lenye klorini likapanda. Watu wapatao 17,000 waliambiwa wahame, na zaidi ya 90,000 wakatakiwa kujifungia ndani. Barabara kuu ilifungwa. Kilichoanzisha yote hayo ni maji kuvuja mahali pasipotakiwa kuwa na maji. Kisha tazama paa la mabati la kibanda chako, na ukumbuke masika yanakuja kila mwaka. Mapipa yawekwe juu ya mbao, mbali na sakafu inayolowa, mahali penye kivuli na hewa inayopita, na paa lizibwe kabla ya mvua.

Tuje kwa wauzaji. Kuna wanaopima unga wa klorini kwa kilo na kuutia kwenye mfuko wa plastiki usio na jina. Kuna wanaomimina tindikali kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda na kufunga kizibo. Tindikali hiyo haina rangi ya kumtisha mtu. Mtoto mwenye kiu, au mgeni aliyeamka usiku, hana namna ya kujua. Dawa ikae kwenye chombo ilichotoka nacho kiwandani, chenye maandishi yake. Muuzaji anayefungasha upya bila kuandika jina, onyo na namna ya kutumia anauza sumu kwa kificho, na mnunuzi anayekubali kuipokea hivyo anamsaidia.

Wasio na bwawa wasijione wamesalimika. Dawa ya kufulia nguo nyeupe inayouzwa kila duka ina klorini ya jamii ile ile. Dawa nyingi za kusafishia choo zina tindikali. Anayemimina zote mbili chooni ili uchafu utoke upesi anatengeneza gesi ile ile, kwenye chumba kidogo chenye kijidirisha kimoja. Choo hakitang'aa zaidi. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, na nyingine iache dukani. Wenye nyumba wawaambie hivyo wadada wanaowasaidia kazi, na wawaambie leo.

Ikitokea gesi imetoka, usishuke kuokoa kabla hujajua unashukia nini. Wengi huumia kwa kumfuata mwenzao. Watu wote watoke, waelekee upepo unakotoka na wapande palipoinuka, kwa sababu gesi inashuka bondeni. Aliyerukiwa na dawa avuliwe nguo na amwagiwe maji mengi. Macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, hata kama anapiga kelele. Aliyemeza asitapishwe, kwa kuwa kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda. Asukutue mdomo na akimbizwe hospitali pamoja na chombo cha dawa ili daktari ajue anapambana na nini. Tanzania namba ya Zimamoto ni 114. Kenya pigeni 999.

Na maziwa, tafadhali. Kila kwenye tukio la sumu hatakosekana mtu wa kusema aletewe maziwa. Maziwa yanashuka tumboni. Gesi iko mapafuni. Kumkalisha mgonjwa chini ya mwembe akinywa maziwa ni kumpotezea saa anazohitaji kuwa karibu na oksijeni. Hata akisema amepona, aonwe na daktari, kwa sababu mapafu huweza kuchelewa kutoa taarifa.

Waogeleaji nao wana lao. Wengi wanaamini bwawa linalonuka klorini ndilo safi. Ni kinyume. Harufu ile kali inayochoma macho hutokea klorini inapokutana na jasho, mkojo na uchafu wa miili yetu. Bwawa lililotunzwa vizuri halinuki sana. Kila anayeingia bila kuoga, na kila anayejisaidia majini akidhani hakuna anayemwona, anamlazimisha mhudumu kuongeza dawa, na kila dozi ya ziada ni safari nyingine ya kwenda kushika pipa na dumu. Ogeni kwanza. Wapelekeni watoto chooni kabla ya kuwaachia warukie majini.

Sheria tunazo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kudhibiti kemikali za viwandani na majumbani, iliyo mikononi mwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kenya ina sheria yake ya usalama kazini ya mwaka 2007. Zote zinambebesha mwajiri wajibu wa kuwalinda watu wake. Kwa hiyo asitokee mtu kutuambia tusubiri muswada. Tunachotaka ni mkaguzi anayefika hotelini asiishie kutazama kama maji ni ya bluu. Azunguke nyuma, aombe funguo za stoo, ahesabu ndoo. Akikuta pipa na dumu wamelala chumba kimoja, bwawa lifungwe siku hiyo hiyo, na lifunguliwe vitakapotengana. Bwawa moja tu likifungwa hivyo wiki ya sikukuu, wenye hoteli wa pwani nzima watapata nafasi ya stoo ya pili ambayo leo wanaapa hawana.

Maana kisingizio cha mwisho ni hicho, nafasi. Hoteli yenye baa mbili na ukumbi wa harusi haina mita moja ya mraba kwa ajili ya madumu manne ya tindikali. Shule iliyojenga bwawa ili iwavutie wazazi haina ukuta wa tofali wa kugawanya kibanda. Nyumba ya likizo inayolipisha kwa usiku haina kabati la pili. Hakuna anayelazimishwa kuwa na bwawa. Aliyeamua kuwa nalo aliamua pia kuwa na kemikali kali uani kwake, na nafasi ya kuziweka ni sehemu ya gharama, kama vigae na pampu.

Wazazi, mkiwapeleka watoto mafunzo ya kuogelea, ulizeni swali moja kabla ya kulipa ada: klorini na tindikali mnaziweka wapi? Mwenye jibu atawapeleka mkaone. Atakayeanza kuzunguka maneno, mwondoleeni mtoto wenu. Wafanyakazi, mkiambiwa mchanganye, kataeni, na mseme sababu mbele ya watu. Mwajiri atakayemfukuza mtu kwa hilo ataeleza kwa mkaguzi.

Wenye mabwawa, kesho asubuhi ingieni wenyewe kwenye kibanda cha pampu, msimtume mtu. Mkikuta dawa mbili chumba kimoja, toeni moja kabla mtu wa kwanza hajaingia majini, na kabla ya jioni nunueni ndoo ya pili. Asiyeweza kufanya hivyo hana sifa ya kumiliki bwawa, na alifunge.